Kliniki ni kila Jumatano, pesa yetu inakuja gizani. Nifanyeje na miguu ya binti yangu?

Mzee wa Karabai

Wakuu, habari za usiku. Leo niko nchi kavu kwa sababu mwezi ni mpevu na hakuna mtumbwi unaotoka, ndiyo maana nina nafasi ya kuandika. Swali langu ni la nauli, ila bila kuanzia mbali kidogo hamtanielewa. Mnivumilie.

Ni mvuvi wa dagaa kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Kwa msiojua kazi hii, dagaa anavuliwa usiku kwa taa. Tunawasha, anafuata mwanga, tunamzungushia nyavu. (Karabai zenyewe tumeziacha, siku hizi ni taa za sola, jina tu ndilo limebaki.) Mwezi ukiwa mkubwa, taa yetu haina kazi, dagaa ametawanyika ziwa zima. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku kama kumi hatuingii majini. Tunashona nyavu, tunalala, tunakopa kwa tajiri mwenye mtumbwi. Giza likirudi anakata chake kwanza, kinachobaki ndiyo mgao.

Binti yangu ana miezi mitatu na nusu. Alizaliwa miguu yote miwili imepindia ndani, nyayo zinatazamana kama viganja vya mtu anayeomba. Mama yangu akasema ni mkwe wake alilala vibaya na mimba. Kituoni tulipompeleka tukaambiwa tumkande kwa maji ya moto, itanyooka yenyewe. Tukakanda wiki sita. Baadaye ndipo daktari mmoja wilayani akamshika mguu, hakuchukua hata dakika mbili, akasema huu ni mguu kifundo, unatibika, nendeni Mwanza akafungwe plasta. Akaandika rufaa.

Mwanza walitupokea vizuri, sina la kulalamika, na plasta hatulipii. Shida ni kufika. Inabadilishwa kila wiki, siku ni Jumatano.

Sasa nifuateni. Kutoka kwetu, bodaboda mpaka Bwisya. Bwisya kivuko mpaka Bugolora. Bugolora haisi mpaka Nansio, na haiondoki mpaka ijae. Nansio meli mpaka Mwanza. Mwanza daladala mpaka hospitali. Ili awepo Jumatano asubuhi, mama yake anaondoka hapa Jumanne alfajiri na analala mjini. Akimaliza Jumatano, siku hiyo hawezi kufika nyumbani. Analala tena.

Alhamisi arudi? Alhamisi ni gulio Bugolora. Na ilikuwa Alhamisi ya gulio, Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka ikikaribia kufika Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa. Mke wangu alimpoteza dada yake mle. Kivuko kimebadilishwa, hiki cha sasa ni kikubwa na kipya, lakini siku ya gulio hapandi, na mimi sina mdomo wa kumlazimisha. Kwa hiyo anangoja Ijumaa. Jumatano moja inakuwa siku nne.

Nikijumlisha nauli, kulala na kula, safari moja haipungui 55,000, nikibana sana 50,000. Gizani naiweza, kwa shida, lakini naiweza. Mbalamwezi siiwezi. Na mwezi haujui Jumatano.

Plasta ya kwanza ilikwenda. Ya pili ikakutana na mvua kwenye kivuko. Ni plasta kutoka vidoleni mpaka pajani, goti limekunjwa, mtoto habebeki mgongoni, anabebwa mikononi kama chungu. Mifuko ya rambo ilishapigwa marufuku tangu 2019, mama yake akamfunika kwa mfuko wa ndani wa gunia la sukari, haukutosha. Plasta ya kulia ikalainika, ikaanza kumeguka. Wiki ya tatu ikaangukia mbalamwezi, hatukwenda. Wiki iliyofuata hatukwenda. Leo plasta ya kulia tumeitoa, ya kushoto bado ipo, na mguu wa kulia naona kabisa unarudi ndani.

Swali: nisubiri giza tuanze upya, au mama na mtoto wahamie Mwanza mpaka amalize? Wakihamia, wanakula nini, na hapa nyumbani kuna wakubwa zake wawili. Kuna aliyepitia hili? Naomba ushauri wa mtu aliyefanya, maana wa nadharia nimeshapata wa kutosha hapa mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa.

---

Kishoka wa Mjini

Uza hiyo simu unayoandikia, nauli ya mara mbili hiyo hapo.

Mzee wa Karabai

Simu hii ndiyo inayopokea mgao, na ndiyo iliyo na namba ya kliniki. Ni ya batani za kubandika na gundi. Karibu uinunue.

---

Mwanakijiji Mwenzenu

Pole sana ndugu. Piga 115, ni bure, wanatuma gari na dereva analipwa kwa simu. Shemeji yangu alichukuliwa usiku wa manane kwa namba hiyo, akajifungua salama. Pia uliza TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, na bima ya afya.

Fizio Kanda ya Ziwa

Mwanakijiji, nia yako ni njema, ila tusimpotezee muda. 115 ni mfumo wa m-mama, ni kwa dharura ya mjamzito, mzazi ndani ya siku 42 baada ya kujifungua, na mtoto mchanga mpaka siku 28. Huyu ana miezi mitatu na nusu na si dharura. Bima inasaidia gharama za tiba, nauli haimo. Na tiba yenyewe amesema halipii.

Mzee wa Karabai, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nafunga plasta hizi kila wiki, si huko unakokwenda. Nianze na la haraka. Plasta ya kushoto ina wiki ngapi? Tazama vidole sasa hivi. Kama vimezama ndani huvioni, au vimevimba, au vimebadilika rangi, usingoje mtu, itoeni leo. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu, tafuta mwisho wa bandeji, ifungue taratibu. Msitumie kisu. Plasta iliyoteleza inatengeneza kidonda, na mtoto mwenye kidonda hafungwi mpaka kipone, hapo ndipo utapoteza mwezi kweli.

La pili, hujachelewa. Miezi mitatu na nusu ni mapema. Kano bado laini. Kilichopotea kwenye mguu wa kulia kitarudishwa kwa plasta moja au mbili za ziada.

La tatu ndilo jibu lako: usisubiri giza. Kila plasta inasukuma mguu hatua ndogo, na hatua hiyo haishiki mpaka ifuatwe na nyingine. Ukienda wiki mbili ukakosa wiki mbili, utafunga plasta kumi na mbili kwa kazi ya sita, na nauli yako yote itaishia kwenye kurudia. Kwa hesabu zako mwenyewe kukaa mjini ni nafuu.

Na kuna jambo watu wengi hawaambiwi kwa sababu hawaulizi. Hiyo "kila wiki" ni mazoea ya kliniki, mguu haujui Jumatano kama vile mwezi usivyoijua. Kuna sehemu wanabadilisha kila baada ya siku tano, na Malawi walishajaribu mara tatu kwa wiki, matokeo yakawa mazuri. Pigia kliniki. Usiseme "sina nauli," hilo wanalisikia kila siku na hawana fungu lake. Sema: "Natoka Ukara, mama na mtoto wanaweza kukaa Mwanza wiki tatu au nne tu, mnaweza kutufungia kwa haraka?" Hilo ni swali ambalo mtaalamu anaweza kulijibu.

---

Mama Pacha Igoma

Baba, mimi nimepitia. Pacha wangu mmoja alikuwa na mguu wa kushoto, mwenzake mzima. Nilikuwa naishi Geita vijijini wakati huo, mume machimboni, anapotea miezi.

Nikwambie ukweli ambao Fizio hawezi kukwambia. Kuhamia mjini si wiki nne za kufungwa plasta, ni wiki nne za kukaa kwa watu. Mimi nilikaa kwa wifi. Wiki ya kwanza nilikuwa mgeni, ya pili nikawa mfanyakazi, ya tatu nikaanza kusikia mlango wa jiko unafungwa kwa nguvu. Mtoto mwenye plasta ananuka, baba. Mkojo unaingia juu pajani, huwezi kumwogesha, unamfuta tu. Mwenye nyumba hasemi, lakini anafungua madirisha.

Kwa hiyo mkeo akienda, asiende mikono mitupu. Nyie mna dagaa! Mpe debe moja akamkabidhi mwenye nyumba siku ya kwanza, na nusu debe auze mwenyewe kwa vikombe pale mtaani. Mimi ningekuwa na dagaa wa Ukara nisingefunguliwa madirisha.

Pili, plasta ikiwa mbichi asipande daladala ya kujaa. Konda mmoja aliniwekea mtungi wa gesi miguuni, ukaegemea mguu wa mwanangu, ikapasuka. Nikarudi kliniki siku ileile kufungwa upya, nikacheka kwa hasira. Akae kituoni mpaka saa tano, magari yamepungua.

Na ndugu yenu wa Mwanza ni nani? Usiniambie hamna. Hakuna mtu wa Ukerewe asiye na ndugu Mwanza.

Mzee wa Karabai

Mama Pacha umenishika. Yupo shangazi yake mke wangu, Buhongwa. Tuligombana naye mwaka juzi kwa ajili ya shamba la mihogo, hatujasalimiana tangu hapo. Sikumtaja kwa sababu nilijua mtaniambia nimpigie.

Fizio, vidole vya kushoto viwili nilikuwa naviona, vitatu vimezama. Tumeilowesha usiku huu. Kuna mchubuko mdogo kisiginoni, hakuna usaha. Asante. Sikujua.

Mama Pacha Igoma

Mpigie. Shamba halitembei, mtoto ndiye anatakiwa atembee.

---

Balozi Mstaafu

Nawasoma tangu jana. Niongeze kidogo kwa sababu nauli za wagonjwa ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Miaka ya nyuma nilikuwa balozi wa fistula (mama kuvujwa na mkojo baada ya uzazi mgumu) wa hospitali ya CCBRT. Wale kinamama tiba yao ilikuwa bure Dar, lakini hawakufika, tatizo ni hilihili. Ndipo ukaanza utaratibu wa M-Pesa, kuanzia 2009. Balozi unampata mama kijijini, unapiga simu hospitali, wanakutumia nauli kwenye simu, unamkatia tiketi na kumpandisha basi. Akifika ndipo na wewe balozi unatumiwa kifuta jasho. Nilipandisha wengi. Mmoja alikuwa hajawahi kuona lami.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini kitu kama kile hakikuenea kwa watoto wa mguu kifundo, na nadhani jibu liko kwenye maelezo ya huyu bwana. Mama wa fistula anasafiri mara moja, anakaa wodini, anapona, anarudi. Hata hiyo 115, ni safari moja ya usiku mmoja. Misaada ya nauli niliyoijua mimi ilihesabu safari moja, ya kwenda. Mtoto huyu ana safari sita, kisha za viatu vya kushikilia miguu isirudi ndani, kisha za kuangaliwa mpaka anaanza shule. Hakuna mfadhili anayependa hesabu ya namna hiyo, haina picha ya mwisho.

Ushauri wangu ni mdogo. Ukifika kliniki uliza kama kuna ofisi ya ustawi wa jamii, na kama kuna shirika linalolea watoto wa miguu hiyo. Mara nyingine lipo na lina kifungu kidogo cha nauli, ila hawatangazi kwa sababu kikitangazwa kinaisha. Aulize mama, ana mtoto mkononi. Wewe mwanaume ukiuliza utaambiwa ukafanye kazi.

Kishoka wa Mjini

Mkuu wa karabai, lile la simu nilikuwa nakutania. Nipe namba ya mama yake inbox, nina elfu kumi.

---

Mzee wa Karabai

Wakuu, narudi na mrejesho. Samahani kwa ukimya, giza liliingia, tulikuwa majini.

Nilimpigia shangazi. Nilijiandaa kwa maneno ya shamba, nikawa nimeandika kabisa kwenye karatasi nitakavyojibu. Akauliza, "Mtoto anaitwa nani?" Nikamwambia. Akasema tangu azaliwe hakuna aliyemwambia jina lake. Basi. La shamba halijazungumzwa mpaka leo, na mimi silianzi.

Kliniki nilipiga kama Fizio alivyonielekeza, kwa maneno yaleyale, niliyasoma kwenye simu nyingine. Mtaalamu akanyamaza kidogo, akasema, leteni mtoto, tukiona ngozi iko salama tutambadilisha kila baada ya siku tano. Kama nisingeuliza, tungeendelea na Jumatano mpaka kiama.

Walivuka Ijumaa, kivuko kikiwa kitupu nusu. Debe la dagaa mke wangu alilibeba kichwani na mtoto mikononi, bodaboda akakataa kwanza, akasema hii ni mizigo ya watu watatu. Tulimwongeza elfu moja. Shangazi kaweka nusu ndani, nusu nyingine ikaisha kwa siku mbili, mtaa mzima wa Buhongwa umejua Ukara iko wapi. Nimetuma debe la pili kwa meli.

Kishoka, elfu kumi ilifika. Nimeacha kukuwazia mabaya.

Mpaka jana amefungwa mara nne. Ule mchubuko ulichelewesha plasta ya kwanza siku tatu, baada ya hapo hakuna tatizo. Mke wangu amenitumia picha kabla ya kufungwa tena: nyayo hazitazamani, zinatazama mbele, ya kulia ikitoka nje kidogo. Nilimwonyesha tajiri wangu, akasema hiyo picha ni ya mtoto mwingine.

Sasa wanasema kisigino bado kiko juu. Watakikata nyuma kidogo kwa ganzi, kisha plasta ya mwisho inakaa wiki tatu. Fizio, hiyo kukata imenitisha, sikumwambia mke wangu. Na kwenye hizo wiki tatu arudi nyumbani au abaki?

Nimeuliza pia kuhusu viatu. Wameniambia ni vya ngozi, vimeunganishwa na fito ya chuma katikati, na atavaa usiku na mchana. Sisi tunaishi mita hamsini kutoka majini. Chuma hicho hakipati kutu?

Fizio Kanda ya Ziwa

Nimefurahi kuliko unavyojua. Watoto ninaowaona mimi, wengi wanapotelea kwenye plasta ya tatu.

Kukata usiogope. Ni tundu dogo kwenye kano ya kisigino, dakika chache, mara nyingi hakuna hata uzi. Watoto wengi wa mguu kifundo wanafanyiwa. Kano inaunga yenyewe ndani ya hizo wiki tatu, ikiwa ndefu kidogo.

Anaweza kurudi nyumbani, kwa masharti mawili: vidole vitazamwe kila asubuhi, na asafiri siku isiyo na mvua. Lakini kabla ya kuondoka Mwanza hakikisheni viatu vya saizi yake vipo na tarehe ya kuvivaa imeandikwa. Siku plasta ya mwisho inatoka ndiyo siku hiyohiyo viatu vinaingia. Akikaa hata wiki bila kitu, utakuwa umelipa yote bure. Tafuta tarehe hiyo kwenye mwezi wako sasa hivi. Kama inaangukia mbalamwezi, weka nauli pembeni gizani hili, mpe shangazi aishike, usikae nayo mwenyewe.

Viatu ni saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, baada ya hapo usiku na anapolala mchana tu, mpaka miaka minne au mitano. Safari zinapungua sana, ila atakua na viatu vitambana, hivyo usidhani umemaliza na Mwanza.

Kutu: aina hiyo ilibuniwa Uganda ili fundi viatu wa kawaida aweze kuitengeneza, kwa hiyo chuma kikianza kutu fundi wa Nansio anaweza kukipiga msasa na rangi. Chuma hakinipi wasiwasi. Ngozi ndiyo itakusumbua. Ikilowa msianike juani wala karibu na moto, itakakamaa na kumchubua. Kivulini, na karatasi ndani.

Mzee wa Karabai

Tarehe ya viatu nimeitafuta. Inaangukia siku ya tatu ya mbalamwezi. Usiku huu tunatoka, 60,000 za kwanza ni za shangazi.